Kula Kuala Lumpur bila kumaliza posho

Swali: Nakwenda Kuala Lumpur kikazi. Nile wapi chakula cha halali kwa bei nafuu?

Jibu: Anzia migahawa ya mamak, ya Waislamu wenye asili ya India, mingi haifungwi usiku kucha. Agiza roti canai. Donge la unga hurushwa hewani mpaka liwe jembamba kama kitambaa, likakunjwa, likakaangwa kwa samli na kuletwa na mchuzi wa dengu. Shushia na teh tarik, chai ya maziwa yenye povu (sukari ni nyingi, sema mapema). Jioni nenda Kampung Baru ule nasi lemak: wali wa nazi, dagaa, karanga na pilipili isiyo na mchezo. Mtaa wa vyakula wa Jalan Alor unasifiwa kupita kiasi, na nyama ya nguruwe huuzwa pale. Uliza kabla hujaagiza.