Kufunga Upenyo Sinza: Ijaribu Mitaa Kwenye Kompyuta Kabla ya Kuweka Nguzo

Fungua ramani ya Dar es Salaam uitafute Sinza. Utaona eneo lililozungukwa na barabara nne kubwa: Morogoro, Sam Nujoma, Bagamoyo na Shekilango. Kwenye kona zake nne ziko Ubungo, Mwenge, Bamaga na makutano ya Shekilango na Morogoro. Katikati ni mitaa ya makazi, viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 kwenye mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Humo watu wanalala, wanakaanga chipsi na watoto wanajifunza baiskeli. Jioni foleni ikikaza Ubungo au Mwenge, dereva mwenye haraka anachepuka humohumo kutafuta upenyo.

Eneo la namna hii ndilo linalofaa kwa mpango wa kupunguza magari. Mji wa Groningen, Uholanzi, ulifanya hivyo mwaka 1977: katikati ya mji paligawanywa sehemu nne, na mwenye gari aliyetaka kutoka sehemu moja kwenda nyingine alilazimika kutoka kwanza hadi barabara ya mzunguko. Kila nyumba ilibaki inafikika. Kilichokufa ni njia ya mkato. Sinza barabara za kuzunguka tayari zipo. Kazi ni kujua upenyo upi uzibwe, na ukizibwa magari yatakwenda wapi. Hapo ndipo uigaji wa kompyuta unaposaidia, na ninavyoufanya ni hivi.

Ramani yenyewe ni bure. OpenStreetMap ya Dar ina hali nzuri, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walipopita kata kwa kata wakichora barabara na mitaro. Hata hivyo, itembee kwa miguu. Ramani haijui kwamba uchochoro fulani umemezwa na ukuta wa jirani, au kwamba mtaa fulani haupitiki masika yakianza.

Ukishaihakikisha, anza na A/B Street, programu ya bure iliyoasisiwa na Dustin Carlino, ambaye alianza na mji wa Seattle. Ina sehemu mahususi ya kupanga mitaa isiyo na magari ya kupita. Unachora mpaka, inakuonyesha kila njia ya mkato inayokatiza ndani. Unaweka kizuizi kwa kubofya, na eneo linagawanyika rangi: unapoweza kuendesha gari bila kutokea kwenye barabara kubwa panakuwa na rangi moja. Zoezi hili ni la jioni moja tu. Hapa huhitaji hata takwimu za magari, kwa sababu bado unatafuta umbo. Kwa Sinza utagundua upesi kwamba kuziba sehemu moja hakutoshi. Mitaa imenyooka na inakatana, kwa hiyo gari lililozuiwa huku linaibukia mtaa wa pili. Vizuizi vinakwenda kwa mstari, kama uzio.

Umbo likikaa sawa, hamia SUMO, programu ya kituo cha anga cha Ujerumani, DLR, inayopatikana tangu mwaka 2001. Nayo ni bure. Inaliendesha kila gari peke yake, sekunde kwa sekunde. Lakini ukiitumia kama ilivyotoka kwao itakuonyesha mji wa Ujerumani uliopewa majina ya Sinza, kwa hiyo kuna mambo ya kurekebisha.

Wakati wa kuingiza ramani, weka alama kwenye chaguo la nchi zinazoendesha upande wa kushoto. Kisha angalia mwendo. Mtaa wa makazi ambao haukuandikiwa kikomo hupewa kilomita 50 kwa saa, jambo ambalo kwenye vumbi, matuta na mashimo ya kwetu ni ndoto. Nenda na simu mtaani, pima mwendo halisi, uushushe. Usiposhusha, kompyuta itawapeleka madereva wote uchochoroni kwa kuamini huko ni haraka kuliko lami.

Halafu bodaboda. Kwa kawaida SUMO humweka katikati ya njia yake, nyuma ya gari, akisubiri kwa adabu. Bodaboda wa hivyo Dar hajazaliwa. Kuna mpangilio unaozigawa njia kuwa vipande vyembamba ili vyombo vidogo vijipenyeze. Uwashe, hata kama utaifanya kompyuta iwe nzito. Bajaji mtengenezee aina yake mwenyewe, na daladala wawekee vituo vyao halisi, pamoja na vile visivyo rasmi ambavyo kila mtu anavijua.

Jambo linalowapotosha wengi ni hili: gari likikwama sekunde 300, SUMO hulinyanyua na kulitua mbele ya kikwazo. Dakika tano! Kwenye foleni ya Mwenge hiyo ni salamu tu. Matokeo yake foleni inaonekana nyepesi kuliko ilivyo, na mpango wako unaonekana mzuri kuliko ulivyo. Kila ukimaliza kuendesha uigaji, soma idadi ya magari yaliyorushwa hivyo. Ikiwa kubwa, usimwonyeshe mtu ile picha.

Safari zenyewe zinatoka wapi? Programu inaweza kuzibuni kwa bahati nasibu, na kuna kipimo cha kuongeza zile zinazoanzia na kuishia pembezoni mwa ramani, yaani za wapita njia. Hicho kipimo kikae juu, lakini ukirekebishe kwa hesabu yako. Simama kwenye mlango mmoja wa mtaa, mwenzako asimame upande wa pili, kila mmoja aandike tarakimu tatu za namba ya gari na saa. Namba iliyoingia huku na kutokea kule baada ya dakika chache ni mpita njia. Rudia uigaji kwa mbegu tofauti za bahati nasibu, maana mara moja haitoshi kusema lolote.

Na Dar ina maabara ambayo wahandisi wa Ulaya hawana: msiba. Turubai likishafungwa mtaani, mtaa umefungwa, na hakuna anayebisha. Siku ya kwanza magari yanafika, yanapiga honi kidogo, yanaona viti, yanarudi nyuma. Kesho yake wengi wameshajua, hawaji kabisa. Ukiwa umekwenda kuhani, tazama yanakohamia. Nimeona uigaji mwingi ukinyooshwa na turubai moja.

Hiyo siku ya pili inatupeleka kwenye udhaifu mkubwa wa modeli hizi. Ukiacha idadi ya safari ileile na kufunga njia, kompyuta itajaza Shekilango mpaka iwe nyekundu tupu. Maisha hayaendi hivyo. Mwaka 2002 Sally Cairns, Stephen Atkins na Phil Goodwin walichapisha uchambuzi wa mifano zaidi ya 70 kutoka nchi 11 ambako barabara zilipunguzwa nafasi. Katika nusu ya mifano hiyo, jumla ya magari ya eneo zima, barabara za jirani zikiwemo, ilipungua kwa zaidi ya asilimia 11. Watu hubadili saa, hubadili chombo, au huacha safari. Mimi huendesha hali mbili: safari zote zibaki, kisha zipunguzwe kiasi. Zote mbili naziweka mezani. Anayeonyesha moja tu anatafuta ushindi.

Kizuizi chenyewe ni suala la sentimita. Toyota IST, gari lililojaa mjini, ina upana wa karibu mita 1.7. Bajaji ni kama mita 1.3. Nguzo zikiachana mita 1.5, bajaji inapita na IST inabaki. Mimi ningeiachia bajaji, kwa sababu ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali na mtoto shule kwenye nyumba zisizo na gari. Bodaboda naye atapita, na dawa yake ni tuta. Nguzo ya katikati iwe ya kung'oka kwa ufunguo, kwa ajili ya zimamoto, gari la taka na maboza ya maji, na ufunguo ukae serikali ya mtaa.

Ukienda kwenye mkutano wa mtaa, acha grafu nyumbani. Swali la kwanza litakuwa moja: gari langu litafika kwangu? Chukua ramani ya rangi, mwonyeshe muulizaji nyumba yake na njia atakayoingilia. La pili litatoka kwa wenye grosari na gereji, nao wana haki ya kujibiwa kwa hesabu ya wateja wanaokuja kwa miguu, ambayo pia lazima uwe umeihesabu. Baada ya hapo ndipo barua iende TARURA, wenye mamlaka na barabara za mitaa, ikiomba majaribio ya miezi michache kwa mapipa yaliyojazwa mchanga kabla ya zege.

Programu ni bure na ramani ipo. Takwimu za mtaa wako ndizo hazipo, na hakuna atakayekuletea. Kahesabu Jumanne asubuhi na jioni, shule zikiwa zimefunguliwa. Hesabu ya Jumapili haina faida.