HINA YA KWELI NA HINA NYEUSI

Wiki hii tutajifunza juu ya nywele. Huenda utauliza, "Nywele nazo ni jambo la afya?" Ndiyo. Nywele zimeota kwenye ngozi, na ngozi ya kichwa ni ngozi kama ya mkono. Inaweza kuungua. Inaweza kutoka malengelenge. Tena dawa inayopakwa kichwani inaweza kupita kwenye ngozi na kuingia mwilini.

Kina mama wengi hupenda kujaribu vitu vya kutunza nywele. Leo hujaribu hina, kesho mafuta ya nazi, keshokutwa krimu ya dukani. Kujaribu si kosa. Lakini ni lazima mtu ajue anachanganya nini na kukipaka wapi.

MHINA NI MTI GANI?

Mhina ni mti mdogo wenye majani madogo. Watu wa pwani wanaujua sana, na wengi wameupanda karibu na nyumba. Majani huchumwa, hukaushwa kivulini, hutwangwa kwenye kinu, kisha huchekechwa. Unga wake ni wa kijani. Unanukia kama majani makavu.

Ndani ya majani hayo mna rangi. Rangi hiyo hutoka polepole unga ukilowekwa, nayo hushika sana kwenye ngozi, kucha na nywele. Ni rangi ya chungwa. Baada ya siku 2 hivi hukolea ikawa nyekundu yenye weusi kidogo, kama kahawa. Nywele nyeusi zikipakwa hina hubaki nyeusi, ila juani huonekana wekundu kidogo. Mvi ndizo hubadilika kabisa. Bibi mwenye kichwa cheupe akipaka hina leo, kesho ana kichwa chekundu!

Kumbuka jambo moja: mhina hautoi rangi nyeusi ya mkaa. Sasa hiyo "hina nyeusi" ya madukani inatoka wapi?

MFANO: NYUMBA YENYE HARUSI

Tuchukue mfano. Nyumba moja ina harusi. Msichana amekaa ndani na somo yake anakuja kumtengeneza.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta hina. Tuloweke leo, kesho nikupake."

"Somo, mimi nataka nyeusi. Hii nyekundu ni ya kizamani. Dukani ipo ya pakiti. Unapaka nusu saa tu, kwisha."

"Nusu saa? Jani gani hilo linatoa rangi kwa nusu saa? Sisi hina tunalala nayo."

"Lakini jirani yetu alipaka kichwani juzi. Nywele zake nyeusi, zinang'aa."

"Na leo umemwona?"

"Sijamwona. Wanasema macho yamemvimba, hatoki nje."

"Basi nenda kamtazame. Ukirudi uniambie unataka ipi."

Msichana alikwenda. Alimkuta jirani uso umevimba, macho hayafunguki. Nyuma ya masikio maji yalikuwa yakimtoka. Wakazungumza. Jirani alikumbuka kuwa mwaka wa nyuma alichorwa piko mikononi katika harusi nyingine. Mkono ulimwasha siku chache, ukapona. Hakuona kuwa ni neno. Msichana aliporudi hakuuliza tena habari ya pakiti.

UNGA MWEUSI NI KITU GANI?

Unga huo ni rangi ya kiwandani ya kutia nywele weusi. Dawa kubwa iliyomo huitwa kwa kifupi PPD. Wauzaji wengine huiuza peke yake. Wengine huichanganya na hina kidogo, kisha hubandika jina la hina. Piko inayochorwa mikononi na miguuni mara nyingi hutengenezwa kwa unga huohuo.

PPD ina tabia mbaya. Mara ya kwanza mtu anaweza kupaka asione kitu, au akawashwa kidogo tu. Lakini mwili wake umekwisha kuijua, na umeanza kuikataa. Hali hii ya mwili kukataa kitu huitwa mzio. Mara ya pili au ya tatu mwili hupigana nayo kwa nguvu. Ngozi huvimba, huwasha, hutoka malengelenge na maji. Ikiwa amepaka kichwani, uvimbe hushuka usoni na machoni. Na mzio huu ukishaingia kwa kawaida hauondoki. Msichana aliyechorwa piko akiwa na miaka 12 anaweza kuumwa kwa rangi ya nywele akiwa na miaka 40.

Nchi nyingine zimetunga sheria juu ya jambo hili. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa isizidi sehemu 2 za PPD katika sehemu 100. Kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Lakini anayekoroga unga katika kisahani uani hapimi. Anatazama weusi tu.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi, nayo ni kumeza. Huko Sudani, katika miaka ya 1980, madaktari waliandika habari za watu walioumwa vibaya na wengine waliokufa kwa sababu ya unga huu, ambao kina mama wa huko huchanganya na hina. Aliyeumeza huvimba shingo na koo, akashindwa kupumua. Mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Figo zinaweza kuacha kufanya kazi. Kwa hiyo unga mweusi usiwekwe kabisa katika nyumba yenye watoto. Usiuweke katika kikombe, wala katika karatasi kama ya sukari.

UTAJUAJE?

Wewe sasa unajua kusoma. Soma pakiti. Ukiona herufi PPD, au jina refu la Kiingereza linaloishia na "diamine", hiyo si hina ya majani. Ukishindwa kulisoma, mpelekee mwalimu wa kisomo au mhudumu wa afya. Ikiwa unga hauna pakiti wala jina, tazama rangi yake. Unga mweusi si hina. Muuzaji akikwambia utapata weusi kwa nusu saa, usinunue, hata akiapa.

UKIKUTWA NA MADHARA

Kichwa kikianza kuwaka moto au kuwasha, usingoje rangi ishike. Osha mara moja kwa maji mengi na sabuni laini. Usipasue malengelenge. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Nenda zahanati, na uchukue pakiti uwaonyeshe. Uso ukivimba, au pumzi ikiwa nzito, usingoje asubuhi. Tafuta usafiri uende hospitali usiku huohuo. Aliyemeza naye apelekwe upesi, na asilazimishwe kutapika.

JINSI YA KUTUMIA HINA YA KWELI

Turudi sasa kwenye hina ya majani. Je, inasaidia nywele? Inasaidia kwa kiasi. Rangi ya hina hushika kwenye unywele na kuufunika kama koti jembamba. Unywele huonekana mnene na hung'aa. Lakini hina haioteshi nywele. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, upake usipake. Wale wanaosema hina imerefusha nywele zao huenda nywele zao ziliacha kukatika tu.

Kwa nywele fupi, gramu 100 za unga zinatosha. Chekecha kwa kitambaa chepesi ili vijiti visibaki, maana vijiti katika nywele zetu za kipilipili ni taabu kuvitoa. Tia unga katika bakuli la plastiki. Ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo, ukikoroga, mpaka uwe kama uji mzito. Kamulia ndimu kidogo. Usitumie maji yanayochemka. Funika, uache usiku kucha.

Asubuhi weka tone moja kwenye kiganja. Ngoja dakika 10, kisha ufute. Ukiona alama ya chungwa, hina iko tayari. Usipoona kitu, ngoja tena, au unga wako umezeeka. Hina iliyokaa sana dukani juani hupoteza nguvu yake.

Lakini usipake kichwa kizima bado! Kwanza fanya majaribio mawili. La kwanza ni la ngozi. Paka hina kidogo ndani ya kiwiko, ioshe baada ya saa 2, kisha ngoja siku 2. Pakiwasha au pakivimba, iache. La pili ni la nywele. Kusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo, uzifunge kwa uzi, uzitie katika hina kwa saa zilezile unazotaka kukaa nayo. Ziosha, zikaushe, zitazame juani. Je, rangi unaipenda? Zimekuwa ngumu mno? Ni afadhali kujuta kwa nywele za chanuo. Hina haitoki kwa sabuni. Ukiichukia, utangoja nywele ziote upya uzikate.

Majaribio haya ni ya hina ya majani. Unga mweusi usiujaribu kwa njia hii, kwa maana jaribio lenyewe linaweza kukuanzishia mzio.

Ukiridhika, osha nywele, zigawe mafungu, paka kila fungu. Funga kichwa kwa mfuko wa nailoni, kisha kitambaa. Kaa saa 2 mpaka 4. Suuza kwa maji mengi mpaka yatoke meupe. Jambo hili linataka ndoo kadhaa, kwa hiyo usilifanye siku ambayo bomba la kijiji limeharibika.

KULAINISHA

Wengi hupaka hina, wakaona nywele zimekauka kama katani, wakasema hina ni mbaya. Walisahau nusu ya kazi. Baada ya hina nywele zinataka kulainishwa.

Kuna krimu za madukani za kulainisha nywele baada ya kuosha. Watu huziita kondishena. Hupakwa, hukaa dakika chache, kisha husuuzwa. Ziko salama kwa watu wengi. Lakini angalia usizichanganye na ile "dawa" ya saluni ya kunyoosha nywele. Dawa hiyo ni kitu kingine kabisa. Ni kali, huunguza ngozi ya kichwa, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Chupa na makopo yanafanana. Hapa tena, soma.

Asiye na fedha ya krimu asisikitike. Mafuta ya nazi yanafanya kazi nzuri. Mwaka 2003 watafiti wa India walilinganisha mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na mafuta ya kiwandani yasiyo ya mimea. Mafuta ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kuharibika kwa nywele wakati wa kuosha, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu yake ni kwamba huingia ndani ya unywele, hayabaki juu tu. Kwa hiyo paka mafuta ya nazi usiku, funga kitambaa, osha asubuhi. Chana nywele zikiwa na unyevu, uanze kwenye ncha ukipanda kwenye mashina. Anayeanza kwenye mashina huzikata mwenyewe, kisha hulaumu hina.

Wengine hukoroga hina pamoja na krimu au tui la nazi tangu mwanzo. Hiyo pia ni njia nzuri. Rangi huwa hafifu na nywele hazikauki sana. Anayeiogopa hina aanze na hiyo, katika shungi moja la nyuma ya kichwa. Ila ajaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukitia hina, ndimu, yai, parachichi na krimu siku moja, kichwa kikiwasha utamshika nani?

WASIOPAKWA HINA

Watoto wachanga wasipakwe hina kabisa, mwilini wala kichwani, hata hina ya majani. Watoto wengine huzaliwa na upungufu fulani wa damu usioonekana kwa macho. Upungufu huu ni wa kawaida katika nchi zenye malaria. Hina ikipita kwenye ngozi ya mtoto kama huyo, chembe za damu yake huvunjika. Macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi, mtoto hulegea. Madaktari wamekwisha kuona watoto waliougua hivyo, na wengine walikufa. Mama akiona dalili hizo akimbilie hospitali, na aseme wazi kuwa mtoto alipakwa hina. Asione haya. Mkubwa aliyeambiwa hospitali kuwa ana upungufu huo, naye asipake.

Mwenye vidonda kichwani angoje vipone. Na mwenye mapunye, yaani mabaka ya mviringo ambapo nywele zimekatika, asiyafiche kwa hina. Mapunye yako ndani ya shina la unywele. Hina haiyafikii, wala mafuta. Yanataka dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kutoka zahanati, na chanuo la mgonjwa lisitumiwe na mtu mwingine.

MASWALI YA DARASANI

1. Jirani katika mfano wetu aliwashwa mkono mwaka mmoja kabla. Kwa nini safari ya pili aliumwa zaidi?

2. Leteni darasani pakiti za rangi na krimu za nywele mlizo nazo nyumbani, bila kuzifungua. Someni majina yaliyoandikwa. Ipi ni hina ya majani? Ipi ni ya kulainisha, na ipi ni ya kunyoosha?

3. Katika kijiji chenu, watoto wachanga hupakwa nini siku za sherehe?