Ada ya ardhi haipandi mwezi Machi

Wenye ploti wengi wa Nairobi huikumbuka kaunti mwezi Machi, wanapokimbizana kulipa ada ya ardhi kabla ya tarehe 31 ili riba isianze kuhesabiwa. Hapo ndipo malalamiko humwagika: mbona bili imepanda, na barabara ya mtaani bado ni matope? Karani wa dirishani hana jibu, kwani si yeye aliyepanga. Kiwango kilipitishwa na madiwani miezi kadhaa nyuma, ndani ya Mswada wa Fedha wa kaunti ambao huenda hukuusikia, na hesabu zilizouzaa mswada huo ziliandikwa mapema zaidi. Ukitaka sauti yako ifike, ifikishe kabla hesabu hazijafungwa.

Anza na bili yenyewe. Hakikisha kwanza unazungumzia bili moja na kaunti. Mwenye ardhi ya lizi hulipa kodi ya ardhi kwa serikali kuu na pia ada ya ardhi kwa kaunti. Ni madeni mawili, ofisi mbili, na risiti ya moja haifuti nyingine. Ada ya kaunti ndiyo inayotokana na ibara ya 209 ya Katiba, inayozipa kaunti mamlaka ya kutoza mali.

Kisha tazama vitu vinne: nambari ya ploti, ukubwa wake, matumizi yaliyoandikwa, na thamani. Ploti ya makazi ikiandikwa ya biashara, unaweza kutozwa isivyostahili mwaka baada ya mwaka bila mtu kujua. Nairobi ada huhesabiwa kwa thamani ya ardhi tupu, nyumba iliyo juu yake haihesabiwi. Kwa miaka mingi jiji lilitumia daftari la uthamini lililotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na ada ilifika asilimia 34 ya bei hizo za zamani. Daftari jipya lilipoanza kutumika, thamani zilipanda mno huku kiwango kikishushwa hadi asilimia 0.115. Kwa hesabu hiyo, ploti ya thamani ya shilingi 8,000,000 inadaiwa 9,200 kwa mwaka. Sasa tuseme mswada unapendekeza 0.15. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni chembe tu, lakini bili inaruka hadi 12,000. Kwa hiyo ukisikia kiwango kimeshuka, au thamani imepanda, chukua simu uzidishe kabla ya kufurahi au kukasirika.

Ukikuta kosa kwenye thamani au matumizi, andika pingamizi. Daftari jipya au la nyongeza hutangazwa kwa ilani yenye muda wa kupinga; sheria ya zamani ilitoa siku 28. Mwishoni mwa 2024 Kenya ilipata sheria mpya ya kitaifa ya ada za mali iliyofuta sheria mbili za zamani, ikiwemo hiyo, kwa hiyo usitegemee alichokuambia jirani aliyepinga miaka kumi iliyopita. Soma ilani yenyewe, peleka nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kuna kundi linaloumia zaidi, nalo haliandikwi sana: walionunua ploti kupitia kampuni za ununuzi wa ardhi na hadi leo wanashika cheti cha hisa. Ada hujilimbikiza kwenye hati mama iliyo kwa jina la kampuni, na siku mtu anapotaka hati yake mwenyewe anakutana na deni la shamba zima. Hapa mtu mmoja mmoja hafui dafu. Wenye vyeti waungane, watafute taarifa ya akaunti ya hati mama, wagawane deni kwa ukubwa wa ploti, na kila malipo yaandikwe kwa nambari ya hati hiyo. Hali ni hiyo hiyo kwa ploti iliyobaki kwa jina la babu aliyefariki. Familia inaweza kuendelea kulipa kwa jina lake wakati kesi ya mirathi inaendelea, ilimradi risiti zitunzwe pamoja, kwani bila cheti cha kutodaiwa ada, uhamishaji wa ardhi hukwama.

Kaunti zinapotangaza msamaha wa riba, utumie, ila usiusubiri. Msamaha hufuta riba na faini, deni lenyewe hubaki. Kwa maoni yangu ni sera mbaya, kwa sababu unamtuza aliyechelewa na kumwacha mjane aliyekopa chama ili alipe kwa wakati. Hilo nalo ni jambo la kupeleka kwenye vikao.

Sasa kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kila kaunti inafuata. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufika kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Bajeti inapaswa kuwa imepita kufikia tarehe 30 Juni, na Mswada wa Fedha, ambao ndio hubeba ada na tozo, upite katika siku 90 baada ya mswada wa matumizi. Wananchi hujitokeza zaidi mwishoni, kwenye Mswada wa Fedha. Mimi nakushauri uwekeze nguvu Februari. Taarifa ya mkakati ndiyo inayosema kaunti inatarajia kukusanya kiasi gani kutoka vyanzo vyake. Lengo hilo likishawekwa juu kupita kiasi, miezi inayofuata inakuwa ya kutafuta mifuko ya kulijazia.

Bajeti ikichelewa, presha huongezeka. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha wa kitaifa kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, mgao wa kaunti ulipendekezwa upunguzwe kutoka takriban shilingi bilioni 400 hadi 380. Seneti ikakataa, mvutano ukaendelea kwa miezi, ukaishia takriban bilioni 387. Wakati huo kaunti zilikuwa zimekwisha kupanga matumizi kwa hesabu ya mwanzo. Pengo la namna hiyo humwangukia mwanakandarasi asiyelipwa na zahanati isiyo na dawa, kisha kaunti humgeukia mtu ambaye hawezi kuhama na mali yake, yaani mwenye ardhi. Bunge la kaunti lisipopitisha matumizi kwa wakati, sheria inaruhusu nusu tu ya makadirio ianze kutumika. Unapoona hali hiyo mwezi Julai, ujue kwamba Mswada wa Fedha unaweza kuletwa mbio mbio, na muda wa kutoa maoni ukabanwa. Andaa maoni yako kabla haujatangazwa.

Kupima kama lengo la kaunti ni la kweli, tafuta ripoti za Mdhibiti wa Bajeti. Hutolewa kila robo mwaka na zinaonyesha kila kaunti ililenga kukusanya nini na ikakusanya nini. Chukua mwaka uliopita, linganisha safu hizo mbili. Kama kaunti hukosa lengo kila mwaka na bado inaliongeza, una hoja nzito kuliko kusema maisha yamekuwa magumu, jambo ambalo madiwani wamelisikia mara nyingi hadi halina uzito tena.

Kwenye kikao cha kukusanya maoni, mara nyingi utapewa dakika chache, na hati yenye mamia ya kurasa huenda ukaiona asubuhi hiyo hiyo. Usiende kusoma pale. Nenda na ukurasa mmoja ulioandikwa, mfano huu: “Tunapinga kipengele cha mswada kinachopandisha ada ya ploti za makazi kutoka asilimia 0.115 hadi 0.15. Ploti ya thamani ya shilingi 8,000,000 itatoka 9,200 hadi 12,000. Tunapendekeza kiwango kibaki kilivyo, na kaunti ieleze kwa maandishi ni ploti ngapi zilizo kwenye daftari hazijalipa na itazifikia vipi.” Chini weka majina na sahihi za wenye ploti wa mtaa wenu. Mtu mmoja asome, wengine wasimame. Kabla ya kuondoka, hakikisha ukurasa wenu umeingizwa kwenye orodha ya maoni yaliyopokelewa, kwa kuwa maneno matupu yanaweza kukosekana kwenye ripoti ya kamati.

Na msidhani vikao hivi ni bure. Mwaka 2014, katika kesi ya Gakuru dhidi ya Gavana wa Kiambu, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya tozo ilianguka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hifadhi ushahidi wa namna kikao chenu kilivyotangazwa: picha ya tangazo lenye tarehe, siku ambayo hati ilipatikana, idadi ya watu ukumbini, waliozuiwa kusema.

Baada ya mswada kupita, peleka barua kwa afisa wa habari wa kaunti ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotaka ujibiwe ndani ya siku 21. Uliza mambo mawili tu: ada ya ardhi iliyokusanywa kutoka wadi yenu mwaka uliopita, na miradi iliyolipiwa katika wadi hiyo mwaka huo huo. Ukiipeleka mapema mwezi Januari, majibu yatakufikia kabla taarifa ya mkakati haijawekwa mezani Februari.