Kumuaga baba asiye na kaburi

Swali: Baba yetu alikuwa ndani ya meli Merdi ilipozama katika Ziwa Kivu, karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, tarehe 3 Oktoba 2024. Mwili haukuonekana. Tutamheshimu vipi bila kaburi?

Jibu: Poleni sana, ndugu yangu. Fanyeni matanga kamili, msingoje kaburi. Vita vilikuwa vimefunga barabara, ndiyo maana watu wengi wa mji wa Minova walipita ziwani kwenda Goma, na wengi waliozama siku ile hawakuopolewa. Nyumba yenu haiko peke yake.

Ombeni sala ambayo jina kamili la baba litatajwa. Kisha waiteni wazee na wenzake wa kazi, muwarekodi kwa simu: alizaliwa wapi, alimposaje mama, alimsaidia nani kimyakimya. Hayo ya kimyakimya ndiyo watoto huwa hawayajui, nami nayathamini kuliko picha yoyote ya ukutani.

Halafu kuna karatasi. Sheria ya Familia ya Kongo inairuhusu korti kutangaza kifo chenye uhakika hata mwili usipopatikana. Bila hukumu hiyo, mama yenu atasumbuka na urithi. Kwa ajili ya korti, andikeni sasa ushuhuda wa waliomwona akipanda pale Minova, pamoja na sahihi zao.