SOMO LA JUMA: TUSHUKURU HATA WAKATI WA TAABU

Masomo ya kutayarisha nyumbani: Yohana 11:32-44, Matendo ya Mitume 16:16-34, Wafilipi 2:25-30 na 4:10-20, Yeremia sura ya 28, 29 na 32.

 

Somo la juma hili ni juu ya shukrani na tumaini. Mmoja atasema: "Shemasi, somo hilo tunalijua tangu utoto." Ni kweli. Siku mshahara umeingia, mtoto amefaulu mtihani, mgonjwa amerudi nyumbani kwa miguu yake, hakuna anayehitaji mwalimu wa kumfundisha kushukuru. Lakini siku unga umekwisha na mwenye nyumba anabisha mlangoni kudai feza yake, tutafanya nini? Hapo ndipo somo letu linaanza.

1. KWANZA TUUNGAME KOSA LETU

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa parokia yetu alifiwa na mtoto. Siku ya tatu sisi mashemasi tulikwenda kumtembelea. Tulimkuta amekaa juu ya mkeka, analia. Tukamwambia: "Mama, usilie tena. Mshukuru Mungu, yeye ndiye anayejua." Tukaimba, tukaomba, tukatoka. Njiani tuliona kwamba tumefanya kazi yetu vizuri.

Mama yule hakuonekana kanisani muda wa nusu mwaka. Tulipokwenda kumwuliza sababu, alitujibu kwa sauti ya chini: "Mlinikataza kulia mtoto wangu ndani ya nyumba yangu. Na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kama nimekula." Hatukuwa na jibu. Tulimwomba msamaha, naye kwa neema ya Mungu alitusamehe. Lakini maneno yake yaliturudisha kwenye Maandiko, kusoma tena yale tuliyodhani tunayajua.

2. MACHOZI NA SHUKRANI VINAKAA PAMOJA

Tukaenda kwanza kwenye kaburi la Lazaro. Yesu alijua kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka mzima. Hata hivyo alipomwona Maria akilia, yeye naye alilia. Halafu, mbele ya kaburi lile lile, aliinua macho akamshukuru Baba yake. Wapendwa, angalieni vizuri: machozi katika mstari wa 35, shukrani katika mstari wa 41. Bwana hakungoja machozi yakauke ndipo ashukuru. Wala hakumkemea Maria shauri ya kulia.

Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike washukuru katika kila jambo. Hakusema kwamba kila jambo ni zuri. Tazama alivyofanya yeye mwenyewe. Epafrodito alitumwa na Wafilipi kumpelekea Paulo msaada, akashikwa na ugonjwa karibu kufa. Je, Paulo alishukuru kwa ajili ya ugonjwa ule? Hapana. Anasema wazi kwamba Mungu alimhurumia Epafrodito, na kwamba alimhurumia yeye Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni. Na barua hiyo ndiyo ile inayojaa neno furaha toka mwanzo mpaka mwisho, nayo ilitoka kwa mtu aliyefungwa.

Kwa hiyo tuelewe: tunamshukuru Mungu ndani ya taabu, hatuishukuru taabu. Njaa si zawadi. Vita si zawadi. Mwaka wa 2025, miji ya Goma na Bukavu ilipotekwa na watu wengi kuacha nyumba zao, tusingeweza kuwatumia wandugu wetu wa Kivu neno "shukuruni" peke yake. Mwenye njaa tumtangulizie unga, ndipo tuimbe naye.

3. WIMBO WA USIKU WA MANANE

Kule Filipi Paulo na Sila walipigwa viboko vingi, wakatiwa katika gereza la ndani kabisa, miguu yao ikafungwa ndani ya mbao. Usiku wa manane walikuwa wakiomba na kumwimbia Mungu. Sisi sote tunapenda kuhubiri juu ya tetemeko la nchi na milango iliyofunguka. Lakini tuangalie saa. Waliimba kabla ya tetemeko. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba waliahidiwa mlango utafunguka usiku ule.

Tena wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Anayemshukuru Mungu katika giza hajui ni nani anamsikia upande wa pili wa ukuta. Na milango ilipofunguka, Paulo hakukimbilia nje. Alimwona mlinzi wa gereza amechomoa upanga ajiue, akampigia kelele asijidhuru. Usiku ule mlinzi aliwaosha majeraha yao, akabatizwa yeye na watu wake.

Hii ni faida ya kwanza ya shukrani: inatufungua macho tuone taabu ya mwingine. Mwenye kunung'unika haoni kitu ila kidonda chake.

4. TUMAINI SI KUBAHATISHA

Kanisa letu linaamini unabii, kwa hiyo sehemu hii itugonge sisi kwanza. Siku za Yeremia palikuwa nabii jina lake Hanania. Aliwaambia watu kwamba muda wa miaka 2 nira ya mfalme wa Babeli itavunjwa na vyombo vya hekalu vitarudi. Watu walifurahi. Yeremia naye alitamani iwe hivyo, hata akasema Amina. Lakini halikuwa neno la Mungu. Kwa waliohamishwa Babeli Yeremia aliandika barua isiyopendeza masikio: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji ule, maana miaka itakuwa 70.

Mtu atasema Hanania alikuwa na tumaini na Yeremia alikata tamaa. Ngojeni tusome sura ya 32. Jeshi la Babeli limezunguka Yerusalemu. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Wakati huo huo ananunua shamba la Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, kule Anathothi. Alipima shekeli 17 za feza kwenye mizani mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku atie hati ndani ya chungu cha udongo ili zidumu siku nyingi. Hanania alitoa maneno. Yeremia alitoa feza yake. Ninyi amueni nani alikuwa na tumaini.

Leo pia kuna wanaotutajia tarehe ya utajiri, na kabla ya tarehe hiyo wanaomba sadaka. Tuwapime. Tumaini la kweli halituambii kesho asubuhi mambo yote yatakuwa sawa. Linatutuma kupanda mbegu, kulipa masomo ya mtoto, kumpeleka mgonjwa hospitalini huku tukimwombea.

Mfano hauko mbali. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake ya wazi mwezi wa Aprili 1921. Mwezi wa Septemba wa mwaka huo alikamatwa, mwezi wa Oktoba akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Aliletwa huku Katanga, katika mji wetu wa Lubumbashi ulioitwa wakati ule Elisabethville, akafia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Miezi michache ya kuhubiri, miaka 30 ya kufungwa! Mama Marie Mwilu alilinda kundi kwa siri kule nyuma, akafariki mwezi wa Aprili 1959. Kanisa lilipata kutambuliwa na serkali tarehe 24 Desemba 1959. Wote wawili hawakuiona siku hiyo. Walikuwa wamepanda.

5. HESABU YA JIONI

Tuwape sasa njia moja tuliyoipokea kwa mama yetu mzazi. Tulikuwa watoto miaka ile ya 1990. Baba alikaa miezi mingi bila mshahara. Mama aliuza makala sokoni, akaweka noti ndani ya kopo la maziwa. Oktoba 1993 ikaja feza mpya: zaire mpya 1 kwa zaire za zamani milioni 3. Akiba yake ya miaka haikutosha kitu. Usiku ule tulimsikia akilia. Tunasema hivi ili msidhani alikuwa mtu asiyeumia.

Tulikula mara moja kwa siku, bukari na sombe. Baada ya kula, kabla ya maombi, aliuliza kila mtoto: "Leo nani alikutendea mema?" Ilikuwa lazima kutaja jina la mtu na kitu alichotenda. Jioni moja kaka yetu mkubwa alijibu kwa hasira: "Hakuna." Mama hakumpiga. Alisema: "Basi kesho wewe ndiwe utakuwa jina la mtu." Kesho yake kaka alimchotea maji bibi kizee wa lupangu la jirani. Jioni bibi yule alikuja mwenyewe na mihogo miwili mikononi, akataja jina lake mbele yetu wote. Tangu siku ile kaka hakukosa jina.

Wapendwa, juma hili tufanye hivi:

a) Kila jioni, kila mtu nyumbani ataje jina moja na jambo moja. Baba na mama pia.
b) Tumwendee mtu mmoja tuliyesahau kumwambia aksanti. Paulo hakumshukuru Mungu tu. Aliwashukuru Wafilipi pia.
c) Tumtembelee mmoja mwenye huzuni. Tusimkataze kulia. Tuulize kama amekula.
d) Tufanye kazi moja ya kesho, hata ndogo: kupanda mti, kuweka akiba, kurudisha mtoto masomoni.

MAULIZO KWA VIKUNDI

1. Kwa nini Yesu alilia kama alijua Lazaro atafufuka?
2. Ni nani anayetusikia tunaposhukuru au kunung'unika nyumbani mwetu?
3. Hanania na Yeremia: leo tutawatambuaje?
4. "Shamba la Anathothi" la nyumba yako ni nini?

Mama yule wa sehemu ya kwanza siku hizi yuko pamoja nasi katika kazi ya kutembelea wafiwa. Anapoingia katika nyumba ya msiba hasemi neno. Anaenda kwanza jikoni, anawasha moto. Ndipo anakuja kukaa juu ya mkeka. Sisi mashemasi tunajifunza kwake.

Mungu awabariki, awape nguvu ya kushukuru na ya kupanda. Amina.