Redio ya Programu: Kabla ya Kuiamini Namba Iliyo Kwenye Skrini



Ndugu yetu mmoja wa mwaka wa mwisho alinijia na swali. Mradi wake ni kupima jinsi nguvu ya vituo vya redio vya mawimbi mafupi, yale yaliyoandikwa SW kwenye redio za wazee wetu, inavyopanda na kushuka kuanzia asubuhi hadi usiku. Amenunua kipokezi kidogo chenye ukubwa wa flashi, amekichomeka kwenye laptopu, na anachosikia zaidi ni mngurumo. Sasa anataka kutumia pesa zake za matumizi kununua kikuzaji cha mawimbi. Nilimwomba asubiri, tukaanza somo. Nimeona niliandike hapa ili wengine nao wafaidike, kwa sababu kosa linalomnyemelea huwagharimu wanafunzi mara mbili: kwanza pesa, kisha matokeo ambayo msimamizi akiyahoji hayana utetezi.

Somo lote ni mambo matatu, na mpangilio wake ni muhimu: punguza kelele, rekebisha ukuzaji, kisha linganisha kipimo chako na kitu unachokiamini. Anayeanza na la tatu kabla ya la kwanza hupima kelele akidhani anapima kituo.

KIFAA CHENYEWE

Katika redio ya kawaida, kuchagua kituo na kutoa sauti ni kazi ya vipuri vya umeme. Katika redio ya programu, kipokezi hugeuza mawimbi kuwa namba, na kazi iliyobaki hufanywa na kompyuta. Ndiyo maana skrini hukuonyesha vituo vingi kwa pamoja, na chini yake ile picha inayoteremka kama maporomoko ya maji.

Vipokezi vingi vya bei nafuu hutumia chipu ya RTL2832U, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali. Chipu hiyo hupima mawimbi kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu. Kwa hesabu ya vitabuni, biti 8 hukupa nafasi ya takriban desibeli 50 kati ya ishara kubwa kabisa na ndogo kabisa. Vipokezi vya biti 14 au 16 vina nafasi kubwa zaidi. (Kwa asiyezoea: desibeli 10 ni nguvu mara 10, desibeli 20 ni mara 100, na 30 ni mara 1,000.)

Jambo la pili ni saa ya chipu hiyo, inayokwenda kwa 28.8 MHz. Baadhi ya vipokezi hivi hupokea mawimbi mafupi kwa kuyaingiza kwenye chipu moja kwa moja. Hapo kitu chochote kilicho juu ya nusu ya saa hiyo, yaani 14.4 MHz, hujikunja na kuonekana mahali pengine. Kituo cha 17.6 MHz kitajitokeza pia kwenye 11.2 MHz, kwa kuwa 28.8 kutoa 17.6 ni 11.2. Ukikiandika kwenye daftari kama kituo cha 11.2 MHz, umeandika kivuli. Dawa yake ni kuweka kichujio kabla ya kipokezi, au kutumia kipokezi kinachoyapandisha kwanza mawimbi hayo hadi masafa ya juu.

KELELE IKO NJE

Sasa turudi kwa kikuzaji. Pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liitwalo P.372, linatoa makadirio ya kelele inayoletwa na vifaa vya binadamu. Kwenye 10 MHz, katika makazi ya mjini, kelele hiyo iko takriban desibeli 45 juu ya kelele ya asili ya joto. Vijijini ni kama 39.5. Sasa tuseme kipokezi chako ni kibovu kiasi cha kuongeza desibeli 15 za kelele yake. Kwa antena nzuri, kelele ya nje bado imekizidi kwa desibeli 30, yaani mara 1,000.

Fikiri maana yake. Kikuzaji hukuza kituo na kelele kwa kiasi kilekile, kwa hiyo pengo kati yao halibadiliki. Ni kama mtu anayekunong'oneza sokoni: ukiweka kipaza sauti katikati ya soko, utasikia soko.

Kuna jaribio la dakika moja la kuhakikisha. Acha ukuzaji kama ulivyo, angalia kimo cha kelele kwenye skrini, kisha chomoa antena. Kelele ikishuka kwa desibeli 10 au zaidi, kipokezi chako kina usikivu wa kutosha, na pesa ya kikuzaji ibaki mfukoni. Ndugu yetu alilifanya mbele yangu, na kelele ikashuka mara moja. Kikuzaji tukakisahau.

KUMSAKA MWENYE KELELE

Wanaopiga kelele hosteli tunawajua: chaja za simu na laptopu, balbu za LED za bei ya chini, televisheni, inveta, na vidhibiti vya chaji vya sola. Vingi kati yao hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hutawanya mawimbi. Kwenye skrini utaona mistari iliyojipanga kwa nafasi sawa, mara nyingi ikiyumbayumba polepole.

Hapa kwetu tuna bahati ya ajabu: umeme hukatika. Laptopu ikiwa na betri, siku umeme ukiondoka usiifunge. Tazama maporomoko. Mistari iliyopotea papo hapo ilitoka kwenye nyaya za jengo. Iliyobaki inatoka kwenye laptopu yako, kwenye sola ya jirani, au ni vituo vya kweli. Kabla ya siku hiyo, zima kifaa kimoja kimoja chumbani mwako na uandike kila kinachobadilika.

Kelele ya radi ni habari nyingine. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, hasa usiku, na kelele yake huumiza zaidi masafa ya chini. Hiyo huwezi kuizima. Chagua masafa ya juu zaidi yanayofaa kwa saa hiyo, na ukiona mawingu yanakusanyika, chomoa antena na uiache nje ya chumba. Uhai ni bora kuliko mradi.

ANTENA NA NUSU YAKE ILIYOJIFICHA

Wengi huchomeka waya mmoja mrefu kwenye kipokezi na kuuning'iniza dirishani. Lakini antena huhitaji nusu ya pili. Usipompa, ataitafuta mwenyewe, na ataipata kwenye waya wa USB, laptopu, chaja na nyaya zote za jengo. Yaani umeunganisha mtambo wa kelele na sikio lako.

Tumia antena yenye pande mbili kamili. Kwa 10 MHz, nyaya mbili za takriban mita 7.1 kila upande zinatosha. Ziweke mbali na jengo kadiri uwezavyo, na mbali kabisa na nyaya za umeme, kisha lete mawimbi chumbani kwa waya wa koaksia kama ule wa dishi. Waya huo uzungushe kama mara kumi ndani ya pete ya feraiti aina ya 31, pale unapoungana na antena, na tena karibu na kipokezi. Feraiti ni ile nyeusi iliyovimba kwenye nyaya za baadhi ya chaja. Kazi yake ni kuzuia kelele inayotembea juu ya ganda la waya, huku ishara iliyo ndani ikipita salama.

Asiye na nafasi ya nyaya ndefu atengeneze kitanzi cha waya chenye upande wa mita moja. Hupokea kidogo, lakini ukikizungusha utapata upande ambao kelele ya karibu inazama.

UKUZAJI WA KIASI

Zima kwanza ukuzaji unaojirekebisha wenyewe, kwa kuwa hubadilisha kipimo bila kukuambia. Kisha ongeza ukuzaji kidogokidogo mpaka kelele ya antena ionekane kupanda juu ya kelele ya kipokezi. Simama hapo.

Ukizidisha, vituo vikubwa hulemea kipokezi na kuzaa vituo vya uongo. Njia ya kuvitambua ni kuweka kipunguzi cha desibeli 10 kwenye antena. Kituo cha kweli hushuka kwa desibeli 10. Kile kilichozaliwa na mgongano wa aina iliyozoeleka zaidi hushuka kwa takriban 30. Asiyestahimili mtihani huo asiingie kwenye jedwali lako.

KUPIMA MASAFA

Washa kipokezi na ukiache kipate joto kwa nusu saa. Kisha tafuta kituo kinachorusha saa ya taifa: 5, 10 au 15 MHz ambako husikika BPM ya China na WWV ya Marekani, au 9.996 MHz ya RWM ya Moscow. Hata vikigongana kwenye 10 MHz haidhuru, maana vyote vinaongozwa na saa za atomu.

Tuseme kilele cha kituo cha 10 MHz kinaonekana kwenye 10,000,012 Hz. Umekosea kwa Hz 12 katika milioni 10, yaani sehemu 1.2 kwa milioni. Ingiza namba hiyo kwenye sehemu ya marekebisho ya programu. Kilele kikikimbilia mbali zaidi badala ya kurudi mahali pake, badilisha alama ya kuongeza iwe ya kutoa. Kosa hili hukua pamoja na masafa: Hz 12 za hapa ni Hz 18 kwenye 15 MHz. Usitafute usahihi chini ya Hz moja kwa njia hii, kwa sababu tabaka la anga linaloakisi mawimbi lenyewe hupanda na kushuka.

KUPIMA NGUVU

Hapa ndipo miradi mingi huanguka. Namba ya desibeli inayoonyeshwa na programu, isipolinganishwa, inakuambia tu ishara iko chini kiasi gani ya kilele cha chipu. Haijui chochote kuhusu nguvu iliyofika kwenye antena.

Omba maabara ya mawasiliano mtambo wa kutoa ishara. Ingiza −73 dBm, ambacho ndicho kiwango cha S9 kwa mawimbi mafupi. Programu ikisoma −48, basi kila usomaji utoe 25. Hesabu hiyo ni ya ukuzaji huo na bendi hiyo peke yake. Ukigusa ukuzaji, rudia.

Angalia pia upana wa vipande ambavyo programu inagawa bendi. Ukichukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde na kuzigawa vipande 4,096, kila kipande ni takriban Hz 586. Ukichagua vipande 65,536, kila kimoja ni kama Hz 37, na kimo cha kelele kitashuka kwa desibeli 12 huku kilele cha kituo kikibaki palepale. Hewani hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo anayesema "kelele yangu ni ndogo kuliko yako" bila kutaja upana hajasema kitu.

Mwisho, mawimbi haya hupanda na kushuka kila sekunde chache. Usisome mara moja. Soma kwa dakika kadhaa, panga namba kwa ukubwa, chukua ya katikati. Na saa iandikwe kwa UTC: saa tatu usiku ya Kampala na saa mbili usiku ya Kigali au Bujumbura zote ni 18:00.

ZOEZI LA WIKI HII

1. Chomoa antena, andika kelele imeshuka kwa desibeli ngapi.
2. Zima vifaa vya chumbani kimoja kimoja, utaje mwenye kelele kuliko wote.
3. Pima kosa la masafa asubuhi na usiku, kila mara baada ya nusu saa ya joto, ulinganishe.
4. Kila namba utakayoandika, iwe na ukuzaji, upana wa kipande na saa yake pembeni.

Ndugu yetu ameanza jedwali lake upya kwa mpangilio huu, na la nne ndilo alilolibandika ukutani.