Kupima Kabla ya Kunena

Mara nyingi twasikia watu wakisema, “Vijana wote wa siku hizi hutumiana picha za uchi kwa simu.” Je, ndivyo? Yafaa tupime kwanza, ndipo tunene.

Huko Marekani jambo hili limehesabiwa mara nyingi, wala hesabu hazikupatana. Mwaka 2008 waliulizwa vijana wenye miaka 13 hata 19; katika kila 100, kama 20 walikwisha kutuma au kuonyesha picha zao za uchi au nusu uchi. Mwaka 2009 shirika la Pew liliwauliza wenye simu wa miaka 12 hata 17; waliotuma walikuwa 4 tu, nao waliopokea 15. Mwaka 2012 ikatangazwa hesabu ya watoto 1,560 wa miaka 10 hata 17. Waliokuwamo katika picha za namna hiyo hawakufika 3 katika 100, na zilipohesabiwa picha za uchi wenyewe tu, akabaki 1.

Mbona zatofautiana hivi? Sababu ni tatu. Kwanza umri: mwenye miaka 19 si mtoto wa miaka 10. Pili swali: nusu uchi si uchi. Tatu tendo: kupokea si kutuma, maana picha moja yaweza kuwafikia wengi.

Mwaka 2018 wataalamu walikusanya uchunguzi 39 wa vijana zaidi ya 110,000. Katika kila 100, waliotuma walikuwa kama 15, waliopokea 27, na walioeneza picha ya mwingine pasipo ruhusa yake 12.

Hesabu hii ya mwisho ndiyo ituhuzunishe kuliko zote. Picha aliyopewa mmoja kwa siri huenea shuleni. Mwenyewe hudhihakiwa, tena wako wamtishao ili awape fedha au picha nyingine. Naye hunyamaza, kwa kuwa aogopa ukali wetu kuliko ukali wao.

Basi mtoto akija kwetu akilia, tusianze kwa kuuliza, “Kwa nini ulituma?” Tuulize, “Nani anayo sasa, nasi tukusaidieje?” Maonyo yana wakati wake.

Maswali ya kujipima:
1. Tukisikia hesabu, je, twauliza ni ya vijana wa umri gani, na waliulizwa nini?
2. Je, aliyesaliti siri ya mwenzake twamwonya sawasawa na aliyesalitiwa?
3. Watoto wetu wakipatwa na neno hili, watathubutu kutuambia?